Zizi la Perege la Mzee Chidawali

Mbukwenyi, jamani! Mbona mnaitikia kama mmelala na njaa? Mbukwenyi tena! Haya, hapo sawa. Nyie wa kule nyuma wenye simu, zilazeni kifudifudi, maana haya ninayosema huko kwenye simu hayamo. Na kama yamo, basi aliyeyaweka kayaiba kwangu.

Mimi shule niliiona dirishani, tena nikiwa nje, napita na samaki. Nimezaliwa Hombolo, kandokando ya bwawa. Mama alikuwa anasema siku niliyozaliwa nililia mara moja tu, nikasikia harufu ya kambale anakaangwa kwa jirani, nikanyamaza, nikageuza shingo kuangalia kunatokea wapi. Nimebeba samaki wabichi kwa baiskeli mpaka baiskeli ikaota magamba. Baadaye nikawa nabeba samaki wazima, vifaranga, kwenye madumu. Halafu watu wa mjini wakaanza huu mtindo wa samaki na mboga kwenye tangi moja, nami nikawa fundi wa hayo matangi. Sasa magoti yamestaafu. Mdomo barua yake haijafika.

Kwa asiyejua, kitu chenyewe ni hivi. Chini samaki, juu kitanda cha kokoto chenye mboga. Pampu ndogo inapandisha maji yenye mavi ya samaki, mboga zinakula, maji yanashuka chini yakiwa safi. Samaki ananya, chainizi inashukuru. Hamna udongo, hamna kumwagilia, maji ni yaleyale yanazunguka. Na kwa mji wetu huu wa Dodoma, ambao mvua inapita kama mgeni aliyeacha gari linanguruma, hilo si jambo dogo.

Mmeniita mniulize swali moja: tangi dogo la nyumbani, niweke samaki gani? Ningejibu kwa neno moja tungekuwa tumeshaondoka. Ila mmenipa kiti na soda. Mtakoma.

Kitu cha kwanza, usiulize samaki. Muulize mwenye tangi. Palikuwa na bwana mmoja Ipagala, kahamia kutoka pwani kikazi, nyumba nzuri, tangi zuri, moyo wake wote uko kwao. Akaniambia, "Fundi, mimi nataka changu."

Nikamwambia, "Bwana, changu ni wa baharini. Huku bara atakufa kabla hajajua kafika wapi."

Akanitazama kama namnyima kwa roho mbaya. "Si nyie wenyewe mnasema maji ya Dodoma yana chumvi? Nimeoga leo, sabuni imekataa kutoa povu. Basi hayo maji ya changu si ndiyo hayo?"

Jamani, kwa sabuni alikuwa anasema kweli. Lakini chumvi ya kisima chetu si chumvi ya bahari. Ile ya baharini inalea changu, hii yetu inalea vijiwe kwenye birika. Tulibishana mpaka chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Mwisho nikamwekea perege, akawa anawaita changu. Perege hawakulalamika.

Mwingine alitaka sangara. Sangara! Ndani ya pipa! Yule akikua utamhamishia sebuleni, umnunulie na kitanda. Kisha sangara anakula wenzake, na akimaliza wenzake atakutazama wewe. Tangi dogo linataka samaki mdogo kwa umbo, mvumilivu kwa tabia, asiyechagua chakula. Kama mnavyochagua wapangaji.

Sasa kuna kambale. Kambale namheshimu. Pampu ikizimika yeye hababaiki, anakuja juu, anameza hewa kama mtu anayekunywa uji, anarudi chini. Maji yakichafuka anaona ndiyo nyumbani. Ila ana makosa. Mkubwa anamla mdogo, kwa hiyo weka wa saizi moja, na uwatenge kila wanapopishana. Pia hakai ndani mvua ikinyesha. Chang'ombe pale nilimwekea mama mmoja kambale, sikufunika tangi vizuri. Mvua ya kwanza ilivyogonga bati, jamaa wakaruka nje, wakashika barabara. Mmoja alikutwa mbele ya duka amesimama kwa tumbo, mwenye duka anaapa alikuwa kwenye foleni. Funikeni matangi ya kambale. Wavu, mbao, jiwe juu, na kama una mkwe mzito mwambie akalie.

Tena kabla ya kambale ulizia dini. Nasema hivi bila utani. Wenzetu Wasabato samaki asiye na magamba hawali, na kambale hana hata gamba la kuazima. Nilimpelekea mzee mmoja wa kanisa lao tangi zima la kambale, akanipokea kwa heshima zote, akanipa maji ya kunywa, akaniambia, "Mwanangu, umeniletea mboga nzuri sana. Nitakula mchicha."

Aliyenifundisha kuchagua vifaranga ni Bi Tatu, muuza samaki, Mungu amrehemu, alikuwa na mkono mmoja wa kuuza na mwingine wa kupiga wadokozi. Aliniambia, "Usipende kifaranga kwa uso. Ingiza mkono majini. Anayekimbia, nunua. Anayekuja kukusalimia, huyo anaumwa." Mpaka leo sijaona kipimo kinachoshinda hicho. Na maji ya bomba msiyamwage tangini moja kwa moja, yana dawa. Yaacheni wazi juani yapumzike kwanza. Wengi wameua samaki wao kwa usafi.

Basi tufike kwa perege. Perege ndiye jibu, hata kama mmechoka kumsikia. Anakula pumba, anakula majani, anakula mawazo yako. Anavumilia maji yetu. Baridi ndiyo hapendi. Ule upepo wa mwezi wa sita na wa saba ukianza kupita, anashuka chini, ananuna, hali. Usimlazimishe, chakula kitaoza majini. Tangi liweke penye jua, likinge upande wa upepo. Sijawahi kuona perege amevaa sweta, ila nimeona anayelitaka.

Lakini perege ana tatizo moja, nalo ni kuzaa. Jike anataga, anabeba mayai mdomoni, yanaanguliwa humohumo mdomoni, watoto wakiogopa wanarudi ndani ya mdomo wa mama. Hajui kupumzika. Kwenye bwawa sawa, kuna nafasi. Kwenye tangi dogo, ukiweka jike na dume, baada ya muda una kijiji: watoto, wajukuu, wote wadogo kama punje, hakuna anayekua kwa sababu chakula kinagawanywa mpaka kinaisha. Ndiyo maana tangi dogo nawekea madume watupu. Unasubiri kifaranga afikie upana wa vidole vitatu, unamgeuza tumbo juu taratibu, unaangalia nyuma kule: dume ana vitundu viwili, jike ana vitatu. Vaa miwani. Madume watupu hawazai, wanakula wananenepa.

Hilo ndilo lililonigombanisha na Mzee Chidawali wa Ihumwa.

Mzee Chidawali ni Mgogo mwenzangu, mkubwa kwangu, mfugaji toka alipoanza kutembea. Mji ukapanuka, ukamkuta nyumbani kwake. Malisho yakawa viwanja, viwanja vikawa kuta. Ng'ombe akawapeleka Bahi kwa kaka yake, yeye akabaki Ihumwa na fimbo, hana cha kuchunga. Alikuwa anasimama getini jioni anahesabu bodaboda zinavyorudi.

Binti yake Damari ndiye aliyeninunua mimi na tangi langu. Moja ya yale meupe ya mraba yenye kizimba cha chuma. Akasema ni la mama, Mama Damari, apate chainizi na figiri za kupeleka sokoni, maana bustani yake ya zamani ilikuwa imeshapitiwa na barabara. Biashara yake yote ikawa imekaa juu ya hilo tangi.

Nikafika na dumu langu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeniletea mifugo?"

"Nimeleta samaki, mzee. Vifaranga safi, madume watupu."

Akaacha kutafuna. "Madume watupu?"

"Ndiyo, mzee."

"Hakuna hata mtamba?"

"Hakuna."

Akamgeukia mkewe. "Mama Damari, umesikia? Huyu fundi ananiletea zizi lisilozaa. Mimi nimemkosea nini?"

"Ni samaki hao, baba Damari," mkewe akasema. "Mimi nataka mavi yao tu."

"Hata mavi yana ukoo."

Nikamweleza habari ya tangi dogo, habari ya kujaa, mpaka koo likakauka. Akawa anaitikia "eeh, eeh", ile eeh ya mtu ambaye ameshaamua. Nikaenda zangu. Nasikia sikufika hata barabara ya lami, mzee kamtuma mtu Hombolo amletee majike. Tena kasisitiza, wenye nyonga.

Miezi ikapita, nikapigiwa simu na Mama Damari. "Fundi, njoo. Njoo leo, si kesho. Wanakufa."

Nikapanda bodaboda. Nafika namkuta Mama Damari kapandisha kanga juu ya magoti, kashika ndoo, anachota maji tangini, anayainua juu, anayamwaga tena, anachota, anamwaga, ili yaingie hewa. Umeme ulikuwa umekatika toka asubuhi na pampu imelala. Na mzee kakaa kwenye kigoda pembeni ya tangi, uso unang'aa kama bwana harusi.

Nikachungulia. Jamani. Sikuona maji. Niliona midomo. Tangi zima midomo juu, inafunguka inafumba, kama kwaya iliyosahau wimbo. Kijiko kingesimama wima mle ndani. Kitanda cha juu chainizi imestawi, majani kama masikio ya tembo, maana mavi yalikuwa ya kutosha kulisha mkoa. Lakini samaki walikuwa hawana pumzi. Wakifa hao, maji yanaoza, na chainizi yote inakwenda nao.

"Umeona?" mzee akaniambia. "Nilikwambia nini? Zizi limejaa! Wewe ungeniacha na madume yako yananitazama tu."

"Mzee, hawa wanakufa. Wanakosa hewa. Lazima wapungue sasa hivi. Chukua ndoo, tuwatoe waliokua, wakaangwe."

Akasimama. "Wakaangwe? Huyu? Huyu ni yule mwenye doa, nimempa jina la fahali wa baba yangu. Mtu anakula mfugo hivihivi? Kuna msiba hapa? Kuna harusi?"

"Basi waliwe kwa ugali wa kawaida," Mama Damari akasema, hajaacha kuchota. "Toka waje sijaonja hata mkia."

"Basi uza," nikamwambia mzee.

"Niuze! Watu waseme Chidawali kaishiwa, anauza mpaka mtamba? Hapana. Hapana kabisa. Wewe punguza watoto wako kwanza, halafu uje upunguze mifugo yangu."

Mama Damari akasimama na ndoo ikichuruzika. Hakupiga kelele. Akasema, "Baba Damari, barabara ilichukua bustani yangu, nikanyamaza. Hii ikifa mimi sina pengine pa kulima. Sina."

Mzee akatazama chini. Lakini Mgogo na mfugo wake, mnajua wenyewe. Akakaa tena kwenye kigoda.

Hapo ndipo akili ikanijia, na mimi akili hainijii mara nyingi, kwa hiyo niliitambua mara moja. Nikachuchumaa pale kwenye kigoda chake. Nikamwambia, "Mzee, hebu niambie. Zamani ng'ombe wakizidi, malisho yakawa madogo, mlikuwa mnafanyaje?"

"Tunampa mtu atufugie. Jirani, shemeji, yeyote mwenye majani. Yeye anakunywa maziwa, mimi ng'ombe ni wangu."

"Walikuwa wanapungua?"

"Wanapunguaje? Ni wangu! Ila wako kwa watu." Akatazama tangi. Akanitazama mimi. Akainuka kama kijana aliyeitiwa ngoma. "Mama Damari! Waite majirani! Waje na mabeseni!"

Wakaja. Ihumwa nzima ilikuja, na waliokuwa wanashuka kwenye treni pale stesheni ya jirani nao wakapita kuona. Mabeseni, ndoo, masufuria, mmoja kaja na beseni la mtoto, na mtoto bado ana sabuni. Mzee kasimama na fimbo yake anatoa masharti. "Huyu nakupa ufuge. Si wako, ni wangu. Akizaa, watoto ni wangu. Nitapita kuwaangalia."

Mama Shabani, jirani wa ukuta mmoja, Mrangi wa Kondoa, mwanamke wa utani, akanyoosha mkono. "Mzee, na maziwa je? Wa kwangu nitakamua asubuhi au jioni?"

Watu wakaanguka. Mzee hakucheka hata kidogo. "Maziwa yake ni hayo maji. Mwagia bamia zako, utaniambia."

Na maji hayo kweli ni mbolea, hilo hakukosea. Mpaka jua linaegemea, tangi lilikuwa limebaki na samaki unaoweza kuwaona mmoja mmoja, midomo imeshuka chini, umeme ukarudi, pampu ikakohoa ikaanza kazi. Mama Damari akakaa chini palepale kwenye matope, akacheka peke yake kama mtu aliyefutiwa kesi.

Lakini mimi nilijua ni kupumua tu. Majike walikuwa wamebaki mle. Wataanza tena, na safari hii nani atawapokea? Yote yalitegemea mzee aridhike na ule ufugaji wa kwa watu. Akikuta mambo ya hovyo huko, atawakusanya wote awarudishe tangini, na Mama Damari arudi kwenye ndoo. Na mzee alikuwa ameshatangaza atapita kukagua.

Siku ya ukaguzi akaniita mimi niwe shahidi. Mama Damari naye akafuata nyuma, kajifunga kanga vizuri, anaomba kimoyomoyo, namwona midomo.

Nyumba ya kwanza, samaki wako kwenye pipa, wazima, bamia pembeni zimenona. Mzee akatabasamu, akaaga. Ya pili, vilevile, ila mwenye nyumba kawawekea maua. Tukapita. Ya tatu ikawa kwa Mama Shabani.

"Hodi hapa!"

"Karibuni, karibuni, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mifugo yangu inaendeleaje?"

Beseni alilobebea samaki liko pale uani. Limepinduliwa juu chini, na juu yake kaanika nyanya. Mama Damari akafumba macho.

Mama Shabani akashika tama. "Baba, sijui nianzie wapi. Walikufa."

"Walikufa?"

"Ghafla, baba."

"Wote?"

"Walipendana sana hao. Alipokwenda mmoja, wengine hawakukubali kubaki."

Mimi nikatazama mawingu. Hayakuwepo, nikatazama palipotakiwa kuwa na mawingu.

Mzee akagonga fimbo chini. "Sawa. Kifo kipo. Lakini ng'ombe wangu akifia kwa mtu, huyo mtu ananiletea ngozi, nione kweli alikufa, hakuuzwa wala hakuibwa. Ndivyo ilivyo toka kwa babu zangu. Ngozi ziko wapi?"

Mama Shabani akanitazama mimi nimsaidie, nami nikajifanya nasikiliza treni.

"Ngozi, baba... ngozi tumekula. Ndizo tulizogombania. Nilizipaka chumvi na ndimu nikazikaanga mpaka zikawa zinalia mdomoni."

Hata kuku alisimama na mguu mmoja juu. Mama Damari kanishika mkono, kucha zimeingia.

"Hakuna hata moja iliyobaki?" mzee akauliza, sauti ya chini. "Mimi bila ngozi siondoki."

"Ipo moja, baba. Nilimwekea baba Shabani."

Akaingia ndani, akatoka na sahani, kaifunika na kawa. Mzee akapewa kigoda, akafunua. Perege mzima mzima, rangi ya dhahabu, na kipande cha ugali ubavuni. Akamwinamia, akamkagua ubavu huu, akamgeuza, akamkagua ubavu ule. Kwa mbali nikaona lile doa la yule fahali.

"Ndiye," akasema.

Akabandua kipande cha ngozi. Akakitazama kwenye mwanga kama anatafuta chapa. Akakiweka mdomoni, kwa ushahidi tu. Akatafuna. Akatafuna tena. Akavuta kipande kingine, akakimega na ugali. Sahani ikabaki mifupa, naye akailamba mifupa, akajifuta vidole, akainua kichwa akamwita mkewe kwa sauti iliyosikika mpaka stesheni:

"Mama Damari! Kimbia ukawachungulie wale wa tangini, naona kama na wao wameanza kuumwa!"